Ng'ombe Mwenye Ritifaa

Dada yangu ni afisa mifugo wilayani Itilima, na laptop ya kazi aliirithi kwa mwenzake aliyehama. Ni ya Windows, lakini yule mwenzake alikuwa ameweka ndani yake dirisha jeusi la kuandikia amri, la mtindo wa Unix, lenye programu yake ndogo ya kukata sauti na kuunga vipande. Niliporudi Bariadi baada ya chuo nikaongeza dirisha la pili, la Linux, kwa sababu vifaa vyangu vya kuondoa kelele vilikubali humo tu. Madirisha mawili meusi kwenye kompyuta moja, na hayajuani.

Sikulijali hilo mpaka dada alipokuja na sauti alizorekodi kwa simu. Wafugaji walikuwa wakieleza kwa Kisukuma dalili za ndigana na magonjwa mengine ya ng'ombe. Alitaka zisikike kesho yake kwenye mkutano wa josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa, kule Mwamapalala. Bosi wake alishamwambia kuwa zisipokuwa tayari, zitapigwa zile za zamani za Kiswahili. Dada alizijua hizo. Wanaoshinda na ndama ni akina mama, na wengi wao huzisikiliza kwa adabu, kisha wanaondoka bila kushika kitu.

Asubuhi hiyohiyo nilikaa barazani nikasafisha zote: upepo, mbuzi, pikipiki. Halafu nikafungua dirisha la yule mwenzake ili nizikate, nikakuta patupu. Nilikuwa nimezihifadhi kwenye folda za ndani za Linux, ambako lile jingine halifiki. Nikajiuliza ni wapi ambapo yote mawili yanapaona. Diski C. Linux inaiita /mnt/c, lile la zamani linaiita /cygdrive/c, na pahali ni palepale, kama mama yangu ambaye kwa wajomba ana jina moja na kwa baba ana jingine, na kote anaitika. Nikatengeneza folda hapo kwa kipanya, nikaandika amri ya kunakili.

Mashine ikanyamaza. Chini ikatokea alama moja kama kichwa cha mshale, >, basi.

Nilimwambia dada kuwa inanakili. Akaenda kunywa chai, akarudi.

"Msomi, mbona umekaa kama unasubiri mvua?"

Nikamjibu kuwa faili ni kubwa. Lakini jibu langu mwenyewe likaanza kunitia shaka. Feni ya laptop ilikuwa kimya, taa ya diski haipepesi. Nani aliniambia kuwa inanakili? Hakuna, nilidhani tu. Nikasoma amri yangu herufi kwa herufi mpaka nikafika kwenye jina la folda: ng'ombe. Ile alama ya ritifaa katikati, dirisha liliichukua kuwa nimefungua nukuu, na lilikuwa linanisubiri niifunge.

"Si uitoe tu?" dada alisema. "Andika ngombe, tuendelee."

Mama, aliyekuwa anapeta mchele pembeni, aliuliza tunabishania nini. Nikamweleza. Akalitamka hilo jina jipya kwa g nzito, kama mgeni aliyeshuka jana, akacheka.

"Ngombe? Huyo sijawahi kumfuga."

Hapo nikakataa katakata. Kwa nini neno lipinde kwa ajili ya mashine, wakati mashine ndiyo inayofundishika? Nikaliweka jina zima ndani ya alama mbili za kunukuu, "ng'ombe", na amri ikapita. Programu ya yule mwenzake nayo ikakwama palepale, na ndipo nilipoelewa kwa nini faili zake zote za zamani ziliitwa mifugo. Nikaipitia mstari kwa mstari, kila palipokuja jina la faili nikalifungia hivyohivyo. Jua lilipoanza kuingia barazani, sauti zilikuwa tayari.

Kesho yake, kule Mwamapalala, tuliweka spika juu ya ukuta wa josho. Sauti ya kwanza ilianza na salamu, mwangaluka, na akina mama wakaiitikia kana kwamba mtu amesimama mbele yao. Kabla kipande cha ndigana hakijaisha, mmoja wao akainuka. Alisema tezi za ndama wake zimevimba hivyohivyo tangu juzi, na yeye alidhani ni kamba imembana.

Dada akachukua begi lake la dawa, akaondoka naye. Nikabaki na laptop, wengine wakaniambia ile sauti niirudishe mwanzo.