Maji Niliyoyakataa Lualaba

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Mimi si mtu wa kuota ndoto mchana. Haya yalinipata hapa Kolwezi, jua likiwa bado juu, na akili zangu zote nilikuwa nazo.

Mtoto wa dada yangu, anayelishwa maziwa ya unga, midomo yake ilianza kuwa ya bluu. Wengine wakasema karogwa. Mimi niliyashuku maji ya mto wetu, Lualaba. Chama chetu cha mtaa kina kipimo cha mkononi, hakizidi sana ukubwa wa simu: unachovya ncha yake majini, kinakuonyesha nitrati, yaani ile chumvi ya mbolea na vyoo inayowanyima watoto wachanga pumzi. Nikakichukua, nikaenda. Dada aliniambia neno moja tu: yakiwa safi, anaendelea kumkorogea maziwa kwa maji hayo.

Kwetu hufiki mtoni kuchota kama mwizi. Unapiga magoti, unapiga makofi, unausalimia mto. Nikapiga. Niamini: makofi yakaitikiwa kutoka chini ya maji.

Mwanamume akainuka mbele yangu, maji yakimfika kiunoni, na shati lake kavu. Kavu kabisa! Wewe ungefanya nini? Mimi nilibaki palepale nimepiga magoti. Alichukua chupa yangu, akaizamisha, akanirudishia maji maangavu ajabu. Nikachovya kipimo. Sifuri.

"Beba hii, mama," akasema kwa upole. "Iko safi. Bote batafurahi."

"Aksanti, tata," nikamjibu, kama kwetu tunavyomwita baba. "Lakini mi nataka maji ile batoto banakunywaka."

"Ulishapiga makofi. Hauwezi kukatala."

Na ni kweli: ukishaitikiwa, unapokea unachopewa. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini nilimkumbuka yule mtoto na midomo yake, hofu yangu ikageuka hasira. Heshima gani hiyo ya kuzika watoto? Nikaimwaga chupa mbele ya macho yake.

"Mi nakatala!"

Nikachovya kipimo mtoni. Namba zikapanda, taa ikawaka nyekundu. Akanishika viganja vyote viwili, baridi yake ikaniingia mpaka kwenye mfupa. Nikavuta, nikamtukana, nikavuta tena. Nilipoanguka kwenye matope, mtoni hapakuwa na mtu, na kipimo kilikuwa mkononi mwangu.

Siku hiyohiyo mtoto alipelekwa hospitali, akapona. Mimi viganja vyangu havijatoa sauti tena. Kanisani watu wakipiga makofi, napiga kama wao, hakisikiki kitu. Basi, yule wa mtoni na abaki nayo hiyo sauti! Bado napima, palepale, na simsalimii mtu.

Nawe mama unayesoma, usijidanganye kwa kuchemsha. Dada alikuwa akichemsha kila siku, tena kwa moyo wote. Moto hauiondoi sumu hii. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki na kuzidi ukali. Mtoto mchanga mtafutie maji ya kisima kilichopimwa. Hata mto wenyewe ukikuapia kuwa uko safi, pima.