Roselyne Nafula na Ukumbi Usio na Maikrofoni

Mwaka huu Roselyne Nafula anaimba katika mchezo wa muziki mjini Jeddah, na kabla yake aliimba opera mbili Riyadh. Lakini alianzia kwenye kwaya ya kanisa, Webuye, magharibi mwa Kenya, safu ya alto. Huko alifundishwa nota za do-re-mi, zinazoandikwa kwa herufi, na kuibana maikrofoni mdomoni kwa sababu spika zilikuwa mbovu. Nota za mistari mitano hakuzijua.

Riyadh alifanya kazi za nyumbani mtaa wa Naseem, kwa Bi Badriya, mjane ambaye wazazi wake walihama Unguja mwaka wa sitini na nne. Aliimba akipiga pasi, kwa sauti ya chini. Asubuhi moja Bi Badriya akasimama mlangoni.

"Sauti hiyo unaificha ya nini? Umeiiba?"

"Nilidhani nitakusumbua, madam."

"Unanisumbua ukinyamaza. Mwanangu Yazid ni fundi wa taa kule ukumbi wa opera. Wanataka mwanamke mmoja wa sauti nene, wametafuta mji mzima, mafi, hakuna. Utakwenda."

"Mimi ni mtu wa gospel, madam. Opera naonanga tu kwa simu."

"Basi baki na pasi yako. Haya, yalla, nshamwambia Yazid utakwenda."

Jumatano Yazid akaleta kurasa sita za nota na rekodi ya piano. Asipoziimba sawasawa Jumapili, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Roselyne alizitazama zile nukta zilizotapakaa kwenye mistari kama sisimizi, na hapo ndipo alipojua jinsi alivyoitaka nafasi ile. Akasikiliza rekodi, akasimamisha, akarudia. Kila sauti akaiandika kwa herufi daftarini, na nukta mbili na vistari vya kupimia mapigo, kama alivyofundishwa kanisani. Siku hizo Bi Badriya aliosha vyombo mwenyewe.

"Ukishindwa," alisema, "utaniogesha mpaka nife."

Jumapili, saa nne asubuhi, Roselyne alipanda jukwaani na daftari lake, akageuka huku na huku.

"Samahani, maikrofoni iko wapi?" aliuliza kwa Kiingereza.

Mwalimu wa kwaya ya opera, mama wa Kiitaliano mwenye mvi, akakielekezea kidole kifua cha Roselyne. "Hiyo hapo."

Mbele yake palikuwa na viti elfu mbili na roshani tatu. Piano ikampa mwanzo, akafungua kinywa. Sauti ikatoka, na akaisikia inavyokwenda: ikavuka viti, ikapanda roshani ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ikamrudia mabegani kana kwamba mwanamke mwingine amesimama nyuma yake. Nywele zikamsimama. Miaka yote ile spika ilikuwa imemtangulia, hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Akaimba kurasa zote sita akiogopa, na hakutaka ziishe.

Mwalimu akaliomba daftari. Akamwambia mpiga piano arudie, na yeye mwenyewe akafuata herufi za Roselyne kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho.

"Umekosea nota moja, ukurasa wa nne," alisema. "Irekebishe. Mazoezi ni Alhamisi."

Roselyne akaketi palepale jukwaani. Bi Badriya, aliyekuja naye, alikuwa akishuka polepole kutoka roshani ya juu kabisa, ameshika ukuta, macho yamemlowa.

"Nilikaa kiti cha mwisho, mwanangu," alisema. "Nimesikia hata ulivyovuta pumzi."