Boksi la Kijani

Mie shule niliishia darasa la tatu, lakini nimefagia madarasa ya shule moja hapa Temeke miaka mingi kuliko mwalimu yeyote aliyepita pale. Nilipoanza nilikuwa na meno yote. Tuyaache hayo.

Mwalimu wa darasa la kwanza, binti mdogo tu, alichoshwa na makaratasi ya watoto kuzagaa chini ya madawati. Tukatafuta maboksi ya sabuni, nikayabandika karatasi za rangi. La bluu kazi mpya, jekundu zilizosahihishwa, la kijani za kwenda nyumbani Ijumaa. Watoto walishika upesi kuliko mie. Nikikosea rangi wananicheka, "Babu, siko huko!"

Zitakazobaki Ijumaa, mwalimu alisema nizitupe. Sikuzitupa. Mke wangu anauza karanga kituoni, anazifunga kwenye vifuko vya karatasi, basi nikawa nampelekea. Sikumwuliza mtu.

Kulikuwa na mtoto wa kike, mkimya, akaugua, hakuja wiki tatu. Kazi zake za nyuma zikasahihishwa, zikaingia boksi la kijani, hakuna wa kuzichukua. Nikazibeba na nyingine. Mtoto akafariki.

Baada ya arobaini mama yake akaja shuleni, mwalimu akamleta kwangu. Akaniamkia. Akasema madaftari ya mwanawe yaliloa mafuriko yalipoingia ndani, hana hata mstari mmoja.

"Hata jina lake tu, baba. Alivyoliandika mwenyewe."

Ningeweza kusema zimechomwa moto. Nikamwambia zilikokwenda. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Mama anauzia kituo gani?"

Nyumbani nikafungua vifuko vyote vilivyobaki, nasoma majina kwa kidole, herufi moja moja, mie na macho haya. La kwake halikuwemo.

Siku chache baadaye mke wangu akanihadithia, anacheka, kwamba kapata mteja wa ajabu. Kila siku vifuko vitatu. Karanga anazimimina kwenye kanga, karatasi anaikunjua, anaitazama pande zote mbili, anaondoka.

"Huyo ana mimba," akasema.

Mpaka leo sijamwambia.

Siku hizi darasani kuna boksi la nne, la watoto wasiokuja. Nimelitengeneza mwenyewe na linakaa kabatini, limefungiwa kwa kufuli. Karanga tunafunga kwa magazeti.

Yule mama bado anakuja kununua. Anafungua, anakuta gazeti. Mke wangu anasema kesho yake anamwona tena.