Kifaa Nilichokificha Sikioni

Mwanangu, umeniuliza uchague kifaa gani cha kusikia, na naona jicho lako liko kwenye kile kidogo. Kabla hujachukua, ngoja nikusimulie siku moja ninayoikumbuka kwa aibu mpaka leo.

Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu huku kwetu Geita, bila kuziba masikio. Usikivu ukapungua kidogo kidogo. Nikaenda Kahama kwa mtaalamu, mama mmoja mpole, Mama Zuhura. Akanipangia vifaa vitatu mezani. Cha kwanza kiboksi cha mfukoni chenye waya mpaka sikioni. Cha pili kinakaa nyuma ya sikio, mrija wake unaingia kwenye kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lako. Cha tatu kidogo kama punje ya mahindi, kinazama ndani, mtu hakioni.

"Kijana wangu, chukua cha nyuma ya sikio," akasema. "Kina nguvu, na betri yake utaishika na vidole hivyo vya kazi. Hiki kidogo hakitakutosha, tena vumbi na nta vitakiziba kila mara."

Nikang'ang'ania kile kidogo. Mwanangu, sikuwaza masikio hata kidogo. Niliwaza wenzangu machimboni, kwamba wangeniita kiziwi na kuninyang'anya kazi mpya niliyopewa, ya kushika kamba mdomoni mwa duara, lile shimo la kuchimbia.

Chini shimoni, mwisho wa kamba, alikuwa Masanja, rafiki yangu tangu utotoni kule Mhunze. Asubuhi moja akaniita. Magogo yanayozuia udongo yalikuwa yanapasuka. Kifaa changu kilikuwa kimeziba, nami nimesimama tu, naangalia wapita njia. Aliyesikia ni Mama Kulwa, muuza uji. Akaja mbio, akanipiga begani: "Wewe! Mwenzio anakuita, vuta!" Tukavuta wote wawili. Masanja akatoka hai, lakini udongo ulishamponda mguu, na ule mguu ukakatwa.

Hospitalini akaniuliza kama nilimsikia. Nikasema kamba ilikwama. Uongo ule ulininyima usingizi wiki nzima, mpaka nikarudi, nikatoa kifaa sikioni, nikakiweka kiganjani mwake na kusema kweli. Alikitazama sana. Kisha akanivuta karibu, akaniambia sikioni:

"Bhabha, rafiki yangu, si ungeniambia tu husikii? Ningevuta kamba mara mbili, ungejua nataka kutoka."

Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Basi mwanangu, usichague kifaa kwa ajili ya macho ya watu. Kile kidogo si kibaya; kinamfaa ambaye usikivu wake umepungua kiasi na kazi yake haina vumbi. Sikio lako wewe limeumia sana. Vaa cha nyuma ya sikio, kisafishe kila jioni, tembea na betri za akiba. Na kabla hujashika kazi, waambie wenzako wazi: mimi sisikii vizuri, tukubaliane ishara. Atakayecheka acheke.

Mungu akupe moyo wa kulisema hilo kesho asubuhi ukifika kazini, na yeyote atakayekuita akiwa hatarini, akukute unajua kwamba ameita.