Goti la Hilda Ollerenshaw

Kwa miaka thelathini Hilda Ollerenshaw alikaa nyuma ya pazia la ukumbi wa kanisa letu pale Belper, Uingereza, kitabu cha mchezo mapajani, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Mchana alipiga pasi mashuka ya hospitali. Jukwaani hakuwahi kukanyaga. Mimi ndiye mvuta pazia, na nasema bila kumung'unya maneno: wengi wetu tulipigiwa makofi yaliyokuwa yake.

Mwaka ule tuliigiza mchezo wa miaka ile baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wa kijana anayeishi chumba kimoja na mkewe, akiifokea dunia nzima. Kijana mwenyewe alikuwa Nevil Tagg, karani wa posta, mpole kupita kiasi. Mazoezini alikuwa akifoka, anapiga kigoda teke, kisha palepale anasema, "Samahani." Alimwomba radhi mkewe wa mchezoni, mara nyingine hata kigoda. Ndivyo tulivyolelewa, kwetu ukimkanyaga mtu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Zikiwa zimebaki siku nne, mwongozaji akaapa kwamba akisikia samahani moja zaidi, anaufuta mchezo.

Hilda akamwita Nevil jikoni, nami nilikuwa naosha vikombe.

"Unamwigiza mume wangu," akamwambia.

"Mzee Wilf? Si alikuwa mcheshi?"

"Baani, ndiyo. Nyumbani alivunja sahani. Hakunichukia, mwanangu. Alikuwa na akili, na kiwandani hakuna aliyemuuliza anawaza nini. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Miaka kumi na tisa, mpaka namzika, hajaniomba radhi hata mara moja. Basi na wewe usiombe."

Chai ya Nevil ilipoa mkononi.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Nevil alifoka mpaka watu wa safu ya mbele wakaacha kutafuna peremende. Akapiga kigoda teke. Kikaruka hadi nyuma ya pazia, kikamgonga Hilda gotini. Nevil aliona. Midomo ikaanza kumfunguka, nami nikashika kamba nikijua mchezo umekwisha. Nikamtazama Hilda. Maskini, naye alikuwa karibu kuomba radhi kwa kuweka goti lake njiani! Akang'ata pembe ya kitabu, akamtikisia Nevil kichwa. Nevil akalimeza lile neno, akamgeukia mkewe, akaendelea kufoka, machozi yakimtoka. Sijapata kuona uigizaji kama ule, na nusu yake ilifanywa na mwanamke ambaye hakuna aliyemwona.

Makofi yalipopigwa, Nevil hakuinama. Alikwenda nyuma ya pazia, akamshika Hilda mkono, akamtoa mbele za watu na sweta lake la kijivu, akichechemea.

"Samahani, Hilda," akasema, kwa sauti ileile ya mchezo.



"Umechelewa, Wilf," Hilda akamwambia, akamkumbatia. Nami pazia nikalisahau wazi.