Sefu Ndani ya Kabati la Nguo

Sefu yetu imefungwa kwa bolti kwenye ukuta wa nyuma wa kabati la nguo, katika chumba chetu cha kulala hapa Parklands. Huwezi kuiona mpaka usogeze makoti ya mume wangu. Ndani yake kulikuwa na bastola mbili, yake na yangu, kila moja na cheti chake, pamoja na magazini zake. Watu wengi hudhani kupanga sefu ya namna hiyo ni kuweka vitu na kufunga mlango. Naomba nikueleze jinsi tulivyokuwa tukiipanga, taratibu tu, kwa sababu usipolielewa hilo hutaelewa nilichomfanyia mume wangu mwaka huu.

Tuanze na vitu vitatu. Kuna bastola yenyewe. Kuna magazini, kile kikasha chembamba kinachobeba risasi na kuingia ndani ya mpini. Halafu kuna chemba, nafasi ndogo nyuma ya mtutu inamokaa risasi moja tu, ile iliyo tayari kufyatuliwa. Mtu mgeni akishachomoa magazini hudhani amemaliza, bastola ni tupu. Sivyo. Risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, na hiyo moja inatosha kuua mtu sebuleni kwake. Usione haya kama hukujua. Mimi nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi na sikujua mpaka nilipostaafu.

Rafu ya juu ilikuwa ya mume wangu, ya chini yangu. Bastola zililala kwenye kitambaa laini, midomo ikielekea ukuta wa zege, kamwe si mlango. Magazini ndizo zilizotusumbua. Zilikuwa zikiteleza, zinachanganyika, na magazini ya bastola yangu ilikuwa haikai vizuri kwenye yake. Basi nikachukua rangi ya kucha, nikapaka vitako vya magazini: nyeupe za mume wangu, nyekundu zangu. Kisha nikakata kadibodi kwa kipimo cha magazini na kuipeleka kwa seremala mmoja Kangemi, karibu na soko, anitengenezee ubao wenye matundu. Sikutaka kumwambia ni wa nini.

Aliigeuzageuza ile kadibodi. "Mathe, hizi ni za kuweka remote?"

"Kitu kama hicho."

"Kwani mko na TV ngapi?"

"Ni nyingi."

"Haya. Siku mkichoka na moja, mnikumbuke."

Ubao ulitoka safi. Magazini tupu zilisimama kwenye matundu, zenye risasi zikalala kwenye kisanduku chenye kifuniko, pembeni na mbali na bastola. Hata gizani mkono ungejua ni ipi. Mume wangu aliufurahia ubao ule kama vile nimemjengea nyumba.

Bastola hatukuzitafuta kwa kupenda. Tuna duka la jumla kule Ngara, unga, sukari, sabuni, na jioni moja vijana walitufuata mpaka kwenye geti letu wakamlaza mume wangu kifudifudi kwenye kokoto. Hakuumia sana. Lakini alipoinuka hakuwa mtu yule yule, na hakutulia mpaka alipopata leseni. Baadaye akasisitiza nami nipate yangu.

Mkufunzi wetu wa kulenga shabaha alitufundisha kwamba macho mawili hukosea, manne hukosea mara chache. Kwa hiyo mume wangu akatunga utaratibu wetu. Kila bastola iliporudi kwenye sefu, mmoja aliishika ikielekea ukutani na kuuliza, mwingine aliangalia na kujibu.

"Magazini?"

"Imetoka."

"Chemba?"

"Tupu."

"Kidole?"

"Nje."

"Amina," alikuwa akimalizia, na sisi sote tukicheka, maana ilikuwa kama maitikio ya kanisani.

Niliupenda utaratibu huo kwa sababu ulifanana na darasa, na kwa sababu hiyo hiyo nilipaswa kuwa wa kwanza kuuogopa. Kila mwalimu anajua. Ukiwauliza watoto, "Tumeelewa?" wanaitikia, "Ndiyo!" kabla hujamaliza swali, na nusu yao wanatazama dirishani. Nilikuwa nikiwaambia walimu vijana wasiamini jibu la pamoja. Mwite mtoto mmoja, apewe chaki, aje ubaoni.

Bastola ya mume wangu ilikuwa ikitoka Jumamosi tu, siku ambayo dukani kuna msongamano. Jumamosi ninayoisema alirudi akiwa amebana simu kwa bega, akibishana na mteja kuhusu magunia ya sukari yaliyofika yamelowa. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa kitanda nikikunja mashuka. Alichomoa magazini huku akizungumza. Akainua bastola kuelekea ukutani.

"Magazini?"

"Imetoka."

"Chemba? ... La, si wewe, naongea na Mwalimu hapa. Chemba?"

"Tupu," nikasema, nikiwa nimeshika ncha mbili za shuka kwa kidevu. Sikuangalia.

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, alitandaza gazeti kitandani ili asafishe kama kawaida. Alivuta kile kipande cha juu kinachorudi nyuma, na risasi moja ikaruka, ikagonga kioo cha meza yangu ya vipodozi, ikaangukia zulia.

Hakuna aliyeumia. Haikulia. Ilikuwa imelala tu pale karibu na kandambili zangu, inang'aa. Lakini ilikuwa imekaa usiku mzima ndani ya bastola ambayo sisi wawili tulisema ni tupu.

Mume wangu aliiangalia kwa muda mrefu. "Jana nilikuuliza chemba?"

"Sidhani," nikasema. "Ulikuwa kwenye simu."

"Naona kama nilikuuliza. Naisikia hata sauti yangu."

"Labda ni ya Jumamosi nyingine."

Nililisema hilo kwa upole. Ni sauti niliyokuwa nikitumia kwa mtoto aliyekosea hesabu, ili asivunjike moyo. Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini niliitumia siku hiyo. Aibu ilikuwepo, ndiyo. Lakini kulikuwa na jingine. Tangu bastola zile ziingie nyumbani sikuwahi kulala usingizi mzito. Wezi niliwaogopa kidogo. Sefu niliiogopa zaidi. Alipoketi pale akiwa amechanganyikiwa, niliona njia. Akiamini umri umemfikia, atairudisha bastola yake serikalini mwenyewe bila ugomvi. Nikajiambia ni wiki moja tu.

Jumatatu asubuhi alinipa ufunguo wa gari. "Endesha wewe, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Mtu anayesahau chemba anaweza kusahau breki."

Ikawa hivyo. Akaanza kuniuliza kama amezima gesi, kama amefunga mlango, kama amekunywa dawa ya presha. Mwanzoni aliuliza mara moja, baadaye akawa anarudi jikoni kuhakikisha na bado ananiuliza. Kule Ngara alimkabidhi msaidizi wake funguo za duka. Wateja aliowajua kwa miaka walipomtania, "Mzee, leo hutupigii kelele?" alitabasamu tu na kukaa kando kwenye kreti ya soda. Huyu ni mtu aliyekuwa akijua kichwani bei ya kila kitu dukani.

Mimi nilimtia moyo. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilimwambia kila mtu husahau, nikampikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kuuacha kwenye moto wa taratibu mpaka ulainike anavyoupenda, nikamshika mkono tukitembea. Kila nilipomfariji alizidi kuamini kuwa ni mgonjwa, kwa sababu nani humfariji mtu mzima asiye na shida?

Tulikwenda hospitali hapa karibu. Daktari alimwambia achore saa, ataje wanyama, ahesabu kurudi nyuma kutoka mia akipunguza saba saba. Nilikaa pembeni nikimwangalia akihesabu, jasho limemtoka puani, midomo ikitetemeka kama ya mtoto wa darasa la pili mbele ya mkaguzi wa shule. Hakukosea hata mara moja.

"Mzee, uko sawa kuliko mimi," daktari akacheka.

Tulipokuwa tukishuka ngazi mume wangu alisema, "Daktari hakuwa chumbani siku ile."

Binti yetu yuko Eldoret na kaka yake. Baba yao aliwapigia simu mwenyewe na kuwaambia akili yake inaanza kuondoka. Siku ile ile binti yangu akanipigia, analia. Walikuwa wameshazungumza, yeye na kaka yake: duka lifungwe, Baba apelekwe nyumbani Kitui akapumzike, atafutwe mtu wa kumwangalia. "Mama, wewe uko naye kila siku. Wewe unaonaje?" Nikasema tungoje kidogo. Sikusema ninaonaje.

Kwa hiyo sasa unaona tulikuwa tumefika wapi. Bastola haikuwa tena jambo kubwa. Mume wangu alikuwa anapoteza imani na kichwa chake mwenyewe, na karibu angepoteza duka na nyumba pia, kwa sababu ya neno moja nililolisema na jingine nililolikana.

Ile wiki moja niliyojipa ilikuwa imepita zamani aliposema ameamua kuirudisha silaha. Tulikwenda katikati ya jiji kwenye ofisi ya leseni za silaha, tukaketi kwenye benchi kungoja kuitwa. Alikuwa ameiweka bastola kwenye sanduku lake, imefungwa, magazini zenye rangi nyeupe katika sanduku jingine, kila kitu kimepangwa vizuri hata kuliko nilivyowahi kupanga mimi. Hilo ndilo nililotamani tangu mwanzo. Nilipaswa kufurahi.

Akatoa kitambulisho chake mfukoni, akakiangalia, akaninyooshea. "Kishike wewe. Mimi nitakiangusha."

Nilikishika. Picha yake mle ndani ni ya ujanani, kidevu kimeinuliwa.

"Uliuliza," nikasema.

"Nimeuliza nini tena?"

"Chemba. Ile Jumamosi. Uliuliza mara mbili, kwa sababu ya simu. Mimi nikajibu tupu, na sikuangalia. Nilikuwa nakunja mashuka."

Hakunigeukia. Mbele yetu mwanamke mmoja alikuwa akitafuta karatasi kwenye mkoba.

"Mara mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Nilimwambia yule wa sukari naongea na Mwalimu."

"Ulimwambia hivyo."

Kisha akasema, polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki kadhaa, "Umeniacha nikahesabu saba saba mbele ya daktari. Nimechora saa, Mwalimu! Saa! Na wewe umekaa hapo na mkoba wako mapajani."

"Nisamehe."

"Usiniambie nisamehe hapa. Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilitumia maneno machache kuliko niliyotumia hapa. Nilimwambia naiogopa ile sefu, na kwamba nilitaka bastola iondoke bila mimi kuwa mtu wa kuiondoa.

"Ungeniambia unaogopa."

"Ningekuambia."

"Ningekataa," akasema. "Lakini ningekataa nikiwa na akili zangu."

Wakamwita. Afisa wa dirishani, kijana mwenye adabu, alimsalimia na kumuuliza sababu ya kurudisha silaha. Mume wangu aliweka viganja vyote viwili juu ya sanduku. Nilidhani ataigeuza safari, aseme tumebadilisha mawazo, turudi nayo nyumbani. Hata mimi ningeona ni haki.

"Mke wangu anaiogopa," akasema. "Mimi sina tatizo lolote. Andika hivyo."

Kijana akanitazama, mimi nikatazama chini.

"Yake tutaleta wiki hii," mume wangu akaongeza. "Huyo ndiye asiyeangalia."

Nje aliniomba ufunguo wa gari. Aliendesha kupitia Ngara, akasimama dukani bila kuzima injini, akamwita msaidizi wake na kunyoosha mkono dirishani mpaka akapewa funguo zake. Nami hakunisemesha njia yote. Sikuwa na haki ya kumtaka anisemeshe.

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaketi mbele ya televisheni.

"Piga simu Eldoret," akasema.

"Nitawaambia jioni, wakitoka kazini."

"Sasa. Waliambiwa mimi nimeharibika kichwa. Waambiwe na mtu anayejua."

Nikaketi kwenye mkono wa kiti. Simu iliita kidogo tu.

"Mama? Baba yuko aje leo? Nimeongea na mtu Kitui, amesema anaweza kuanza mwezi ujao."

Mume wangu akapunguza sauti ya televisheni.

"Mwambie huyo mtu asije," nikasema. "Keti chini kwanza, mama. Baba yako ni mzima, alikuwa mzima siku zote. Kuna jambo nililifanya mimi."