Buti za Idi

Sitelbanat aliijua miguu ya mumewe kuliko uso wake. Kwa miaka ishirini aliikanda kwa samli: miguu mipana, vidole vimetawanyika, nyayo ngumu kama ubao. Abdelkarim alipigana vita vya Mjerumani pekupeku, kutoka Voi hadi Mto Ruvuma na kurudi. Buti alipewa siku ya kuachishwa jeshi, mwendo ukiwa umekwisha. Ndiyo akili ya Serikali hiyo.

Buti zenyewe zilivaliwa mara mbili kwa mwaka, Idi ndogo na Idi kubwa, kutoka mlangoni hadi msikitini, hatua mia mbili tu. Siku nyingine zilikaa sandukuni, zimepakwa rangi zikang'aa. Wazee wote wa Kibra, kijiji cha askari wastaafu, walifanya hivyo. Askari wa zamani asiye na buti siku ya Idi alichekwa.

Mwaka wa 1938 ikaja barua. Kila askari mzee afike mwenyewe, Ijumaa kabla ya adhuhuri, kwenye kambi iliyo nyuma ya vilima vya Ngong, cheti chake cha kukaa Kibra kigongwe muhuri upya. Asiyefika, nyumba yake itabomolewa. Cheti kilikuwa cha askari peke yake. Jina la mke halikuwa na mahali.

Kiragu, fundi wa akala kutoka Kawangware aliyenunua maziwa kwao, aliuweka mguu wa mzee juu ya kipande cha tairi akauchora kwa mkaa. Jumatano akala zikawa tayari, zimemkaa sawasawa.

"Baba Suad, vaa akala," Sitelbanat alimsihi. "Buti ni ya kwenda kuswali, si ya kupanda mlima. Ngozi imekauka, na kisigino chako hakijaizoea."

"Mimi askari ya Kingi, nisimame mbele ya ofisa na mpira ya gari mguuni? Ataniona kuli."

"Basi zibebe begani, uvae ukikaribia."

"Askari habebi buti."

Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyevuka nchi nzima pekupeku! Sikio la kufa halisikii dawa. Sitelbanat akazitundika akala msumarini, na kwa kuacha kumsihi hakujisamehe maisha yake yote.

Mzee aliondoka na buti mguuni, akarudi Jumamosi jioni akichechemea, cheti mkononi, anacheka. Ilibidi buti zikatwe kwa kisu. Visigino vilikuwa nyama tupu, na tope la malisho ya ng'ombe limeingia ndani.

"Ofisa alisemaje?" mkewe aliuliza, akimwosha kwa maji ya chumvi.

"Hakusema kitu. Hata macho hakuyaondoa kwenye karatasi."

Siku ya nane taya lake likakazana. Ilikuwa pepopunda. Siku ya kumi wakamzika, wino wa muhuri bado mbichi.

Arubaini haijaisha, askari wawili wa Serikali wakafika na nyundo. Sitelbanat akawaonyesha cheti.

"Mama, hii ni ya mzee. Mzee yuko wapi?"

Akaelekeza kidole makaburini. Mabati yakaanza kushuka naye amesimama hapo hapo.

Binti yake Suad alikuwa ameolewa Bombo, kule Uganda, na Sitelbanat hakuwa na pengine pa kwenda. Akazitoa akala za mumewe msumarini. Zilimpwaya, akazifunga kwa kamba, akaanza safari, siku nyingi za kutembea na chache za kupakiwa mikokoteni. Alipofika, Suad alimvua akala amwoshe miguu. Haikuwa na hata lengelenge moja. Hapo ndipo Sitelbanat alipolia.